Habari ya mtu wa Berlin tumeisoma kichwa chini miguu juu

Tangu jarida la sayansi la Nature lichapishe mwezi Desemba 2025 ile ripoti ya mgonjwa wa pili wa Berlin, aliyepona VVU baada ya kupandikizwa uloto (ile nyama laini ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu), maelezo ninayokutana nayo huku kwetu ni yale yale, mtu mmoja kayafupisha na elfu wakayapokea: kuna mzungu kapona UKIMWI baada ya kuwekewa jeni ya wazungu, sisi Waafrika jeni hiyo hatuna, ndo maana ugonjwa huu umetumaliza sisi. Afu anakuja wa pili anaongezea kwamba hata huku wapo wenye damu ngumu, group O hasa, hao hata waishi na mwenye VVU miaka kumi hawashiki kitu. Ukizisikiliza haraka hoja hizi mbili unaona kama zinapingana, lakini ni pacha, zote zinasema kila mtu kashaandikiwa kwenye damu yake na kilichobaki ni kusubiri uone umeandikiwa nini.

Mi nasema tumeisoma habari hii kichwa chini miguu juu. Jeni za kinga zina nguvu kweli, zinachangia nani apate maambukizi kirahisi, nani augue haraka na nani akae miaka mingi bila dawa CD4 zake, zile chembe za kinga ambazo kirusi kinazishambulia, ziko vizuri tu, na ushahidi wake ni mwingi, sio wa kudharau. Ila faida yake kubwa haijawahi kuwa kutugawa mafungu mawili, waliobahatika na wasiobahatika. Wale wachache waliozaliwa na kinga ya tofauti wametuonyesha kirusi kinaumia wapi, na pakishajulikana panapouma, dawa ya kukipiga pale pale inaweza kutengenezwa na akapewa yeyote, mwenye jeni na asiye nayo. Na huyu mgonjwa wa Berlin anayetumika kama ushahidi wa jeni ya wazungu, ukiisoma kesi yake mpaka mwisho, yeye ndo anayeibomoa hoja hiyo.

Tuanze na jeni yenyewe. Kirusi cha UKIMWI hakiingii kwenye chembe ya kinga hivi hivi. Kwanza kinakamata kishikio kilicho juu yake kinachoitwa CD4, ndo kilichozipa chembe hizo jina, afu kinahitaji kishikio cha pili, na mara nyingi hicho cha pili kinaitwa CCR5. Mwaka 1996 watafiti walitangaza kwamba kuna watu ambao jeni yao ya CCR5 imekatika kipande cha herufi 32, kwa hiyo kile kishikio hakifiki kabisa juu ya chembe, na ukirithi jeni iliyokatika kwa baba na kwa mama, kirusi kinafika mlangoni kinakosa pa kushika. Mmoja wa watu waliofanya jambo hili ligundulike ni Stephen Crohn wa New York, mchoraji, mwenza wake alifariki mwanzoni kabisa mwa janga, 1982, marafiki wakaendelea kuondoka mmoja mmoja, yeye kila akipima hana kitu. Maabara wakachukua chembe zake wakaziwekea virusi kwa wingi usio wa kawaida, hazikuambukizwa. Huko Ulaya ya kaskazini karibu mtu 1 kati ya 100 ana nakala zote mbili za jeni hiyo, na Afrika kusini mwa Sahara ni kama haipo. Hapo wenye hoja ya jeni ya wazungu wako sahihi na nawapa haki yao. Wako sahihi pia kwamba Timothy Ray Brown, yule wa kwanza wa Berlin, alikuwa na saratani ya damu, akapandikizwa uloto mwaka 2007 na tena 2008 kutoka kwa mtu mwenye nakala mbili, akaacha ARV, na kirusi hakikuonekana tena mpaka alipofariki 2020 kwa saratani ile ile. Adam Castillejo wa London naye aliponea njia hiyo hiyo.

Sasa njoo kwa huyu wa pili. Naye alikuwa na saratani ya damu, akapandikizwa 2015, mwaka 2018 akaacha dawa mwenyewe, na miaka yote hiyo kirusi hakijarudi. Lakini aliyemtolea uloto alikuwa na nakala moja tu ya jeni iliyokatika, nyingine nzima, na mgonjwa mwenyewe tangu kuzaliwa alikuwa hivyo hivyo, nakala moja nzima moja imekatika, na bado aliambukizwa. Maana yake chembe mpya alizopewa zina CCR5 juu yake, mlango upo. Kuna mwingine wa Geneva, habari yake ilitoka 2023, huyo aliyemtolea hakuwa na jeni hiyo kabisa, hata nakala moja, na kirusi kimetulia. Afu kuna wa Essen, Ujerumani hapo hapo, alipewa uloto kutoka kwa mtu mwenye nakala mbili kamili, ule uloto wa dhahabu, na kirusi kikarudi kwa sababu ndani yake kulikuwa na aina inayotumia mlango mwingine unaoitwa CXCR4. Ukiwapanga hawa pamoja, mwenye jeni kamili aliyeshindwa na asiye nayo aliyepona, huwezi tena kusema jeni moja ndo imeponya. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba kinga mpya iliyopandikizwa iliziona chembe zote za zamani kama adui ikazisafisha, na zile chembe za zamani ndo zilikuwa maficho ya kirusi. Mlango uliofungwa ulisaidia kwa baadhi yao. Usafi wa maficho ndo unaoonekana kwa wote waliopona.

Na upandikizaji wenyewe sio kitu cha kutamani. Wanaojua ni wazazi waliokaa na watoto wenye sikoseli pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, wanajua mtoto anachomwa dawa kali mpaka kinga yake inafutika, anakaa peke yake chumbani watu wanamtazama kwa barakoa, na kuna uwezekano kinga mpya ikaanza kuushambulia mwili wenyewe. Hakuna daktari atakayekufanyia hivyo kwa ajili ya VVU wakati kidonge kimoja kwa siku kinakufikisha uzeeni. Hao wa Berlin na London walifanyiwa kwa sababu saratani ilikuwa inawaua.

Kwa hiyo tuiache CCR5 kidogo twende kwenye jeni ambazo sisi tunazo tele na hatuzisemi, zile za HLA kwenye kromosomu ya 6. Karibu kila chembe mwilini inachukua vipande vya protini zilizomo ndani yake na kuvining'iniza nje ili askari wa kinga wakipita wakague, kama muuza duka anavyopanga bidhaa kibarazani. HLA ndo ndoano zinazoshika vipande hivyo, na ndoano za watu hazifanani, yako inashika vipande hivi, ya jirani inashika vile. Mwaka 2010 ulitoka utafiti mkubwa uliolinganisha watu karibu 1,000 wanaokidhibiti kirusi bila dawa na wengine 2,600 hivi wasioweza, wakapitia jenomu nzima, yaani jeni zote za mtu, kutafuta tofauti, na alama zote nzito ziliangukia eneo hilo la HLA. Ndoano inayojulikana zaidi inaitwa B57, na Waafrika wanayo, toleo letu kubwa linaandikwa B57:03. Inafanyaje kazi? Inapenda kushika vipande vya ganda la ndani la kirusi, lile linaloitwa kapsidi, tena sehemu ambazo kirusi kikizibadilisha ili kisitambulike kinakuwa dhaifu, hakizaliani vizuri. Kinabaki kimebanwa, kikibaki kilivyo kinaonekana na kikijibadili kinachechemea. Naomba neno kapsidi likae kichwani, nitalirudia.

Wapo wanaosikia hivi wakaruka moja kwa moja kwenda Majengo, kusema wapo Waafrika waliozaliwa na kinga kamili. Hii ndo hoja ya upande wa pili iliyo na uzito na inastahili kujibiwa kwa heshima. Pale Majengo, Pumwani, Nairobi, tangu katikati ya miaka ya 80 Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba, Kanada, wamekuwa wakifuatilia wanawake wanaojiuza. Daktari Frank Plummer wa Kanada alikuwepo, na muuguzi Elizabeth Ngugi ambaye ndo aliyeaminiwa na wale akina mama na kuwapanga wakae kama kikundi. Wakati wenzao wengi wanaambukizwa, kundi dogo lilikuwa linapima mwaka baada ya mwaka halina VVU, na wateja hawakuwa wachache. Mwaka 1998 timu iliyokuwa na Sarah Rowland-Jones ikaonyesha kwamba baadhi yao wana askari wa kinga wanaokitambua kirusi, yaani mwili ulishakutana nacho ukakifukuza, na baadaye zikapatikana tofauti za jeni nyingine, mojawapo IRF1, zinazohusiana na kutoambukizwa kwao. Kwa hiyo ni kweli, kinga ya asili ilionekana, na ilionekana kwa wanawake wa Kiafrika pia, sio kwa mzungu peke yake. Lakini stori haiishii hapo. Baadhi ya wanawake hao walipumzika kazi, mwingine karudi kijijini, mwingine kapata bwana wa kumtunza, waliporudi kazini ndo wakaambukizwa. Kama ingekuwa ni jeni peke yake, jeni haipumziki, uliyozaliwa nayo ndo utakayozikwa nayo. Inaelekea kulikuwa na kitu kilichokuwa kinanolewa na kukutana na kirusi mara kwa mara, kilipoacha kunolewa kikawa butu. Anayewatumia wanawake wa Majengo kumshawishi mtu aache kondomu hajawasoma.

Tena kirusi nacho hakikai kusubiri. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wanawake zaidi ya 2,000 wenye VVU kutoka Botswana na Afrika Kusini. Botswana maambukizi yalianza mapema na kusambaa zaidi, kwa hiyo kirusi cha huko kilikuwa kimepita kwenye miili mingi yenye ndoano ya B57, kikajifunza kujibadili na kikaendelea kuambukiza kikiwa kimeshabadilika hivyo. Matokeo yake ni kwamba wenye B57 wa Botswana hawakuwa tena na ile nafuu waliyokuwa nayo wenzao wa Afrika Kusini. Jeni ni ile ile, mpaka tu umevuka, ulinzi haupo. Hili ndo linalonifanya nikose subira na mtu anayezungumzia jeni nzuri kama vile ni hati ya kiwanja, ukishaipata ni yako milele. Na jeni nyingi za kinga zina upande wa pili pia, wala huku kwetu hatuhitaji kufundishwa hilo, nakala moja ya sikoseli inamlinda mtoto na malaria kali na nakala mbili zinamuumiza maisha yake yote. Hao wenye CCR5 iliyokatika pande zote, kirusi cha West Nile, kinachoenezwa na mbu, kikiwapata wanakuwa kwenye hatari zaidi ya kuugua vibaya. Toleo jingine la ile ile B57, linalopatikana sana kwa wazungu, linafanya mwili uikatae vibaya dawa ya VVU inayoitwa abacavir mpaka mtu anaweza kufa, ndo maana huko wanapima kwanza kabla ya kuitoa.

Kosa hili la kusoma jeni kama hukumu tulishalifanya kwa upande wa pili wakati wa Korona. 2020 watu walisema Mwafrika hafi kwa Korona kwa sababu ya jeni zake, na kweli kuna kipande kwenye kromosomu ya 3, kimerithiwa kutoka kwa Neanderthal, binadamu wa kale, kinachoongeza hatari ya kuzidiwa, Hugo Zeberg na Svante Pääbo ndo walioonyesha asili yake hiyo. Bangladesh karibu asilimia 63 ya watu wana angalau nakala moja, Afrika karibu hakipo. Ila umri ulikuwa na uzito kuliko kipande chochote, na bara lenye vijana wengi hivi lilikuwa na faida ambayo haikutoka kwenye jeni. Kingine, karibu mgonjwa 1 kati ya 10 waliozidiwa sana alikutwa mwili wake umetengeneza kingamwili zinazozishambulia interferoni zake mwenyewe, zile protini za kupiga king'ora kirusi kinapoingia, na kingamwili hizo zinaongezeka kadiri mtu anavyozeeka. Kwa hiyo kwenye Korona tulijisifia damu, kwenye UKIMWI tunailaumu damu, na kote tunayaacha mambo ambayo tungeweza kuyafanyia kazi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya group O. Inapata miguu kwa sababu makundi ya damu yanahusika kidogo na baadhi ya virusi, kwenye Korona wenye O walionekana kuwa na nafuu ndogo. Kwa VVU haina msingi. Karibu nusu ya watu wa Afrika Mashariki ni group O, ingekuwa inakinga, kliniki za CTC, zile za wenye VVU, zingejaa A na B watupu, na mtu yeyote anayefanya kazi kule atakwambia sivyo ilivyo. Lakini watu wanaiamini kwa sababu wanaona kitu halisi: mtu kaishi na mwenye VVU miaka mingi hajaambukizwa. Jirani yangu mmoja ni wa hivyo. Siku moja tuko kibarazani tunachambua mchele akaniambia, mimi damu yangu imekataa, miaka sita sasa. Mumewe anatumia dawa. Nikamuuliza kadi ya CTC ya baba iko wapi, akaileta imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, vipimo vya wingi wa virusi vimepangwa na tarehe zake, na kila palipojazwa tangu mwaka wa pili wa dawa ni kwamba havionekani. Kila saa tatu usiku simu ya yule mzee inalia, anaamka alipo anameza. Miaka sita anaisifu damu yake, na kilichokuwa kinamlinda ni ile alamu ya mumewe.

Hilo tunalijua tangu Rakai, Uganda. Mwaka 2000 yalitoka matokeo ya jozi 415 za wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, walifuatiliwa kabla ya ARV kufika kule, 90 wakaambukizwa, na kwa wale ambao mwenza wao alikuwa na virusi chini ya 1,500 kwa kila mililita ya damu hakuambukizwa hata mmoja. Bila dawa, kwa ngono ya kawaida ya mwanamume na mwanamke makadirio yanayotumika ni maambukizi kama 8 kwa kila mara 10,000 upande wa mwanamke, ila wastani huo unapanda sana mwenza akiwa ameambukizwa karibuni au kukiwa na vidonda. Mtu anaweza kupita salama mara mia tatu akajiona ana damu ngumu, mara ya mia tatu na moja mambo yakabadilika. Anayejipima kwa kuhesabu siku alizopona anahesabu bahati.

Kuna upande mwingine unaosema basi tuachane na jeni kabisa, ni mambo ya maabara za watu wenye hela, sisi tupeni dawa tu. Naelewa hasira hiyo, hasa baada ya Januari 2025 pale Marekani iliposimamisha misaada na kliniki zikafunga milango ghafla. Ila nao wanakosea, kwa sababu kuna dawa zinazotoka huko huko. Maraviroc, iliyoidhinishwa 2007, ni kidonge kinachoziba CCR5, yaani wamechukua bahati ya Stephen Crohn wakaiweka kwenye chupa. Na sasa rudi kwenye kapsidi. Lenacapavir, ile sindano ya mara mbili kwa mwaka ambayo WHO iliipendekeza Julai 2025 kwenye mkutano wa Kigali, inashambulia nini? Ganda lile lile. Ganda ambalo ndoano ya B57 imekuwa ikilitumia kukibana kirusi kwenye mwili wa mama wa Nairobi asiye na habari, ndo hilo hilo sindano inalolishika, japo sio lazima pointi ile ile, na kirusi hakiwezi kulichezea ganda hilo kirahisi bila kujiumiza. Kwenye majaribio ya Uganda na Afrika Kusini, wasichana na wanawake 2,134 walichomwa sindano hiyo na hakuambukizwa hata mmoja, wakati kati ya 1,068 waliopewa kidonge cha kila siku waliambukizwa 16. Hakuna aliyechaguliwa kwa sababu ana B57, waliingia na jeni zao za kila namna na wote wakatoka salama. Jeni zao zingewafanyia hivyo wachache tu, sindano imewafanyia wote.

Ndo maana swali la kuwa jeni hiyo tunayo au hatuna linaniudhi, linatula muda wa kuuliza mawili mengine. La kwanza ni bei. Marekani sindano hiyo inauzwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka, na Septemba 2025 yametangazwa makubaliano ya toleo la dola 40 kwa mwaka kwa nchi zetu kuanzia 2027. Dola 40 ni pesa ambayo bajeti ya afya ikiamua inaweza kuibeba kwa walio kwenye hatari zaidi, bila kungoja nani kashinda uchaguzi Washington, na wabunge wetu hawalisikii hili kutoka kwa wapiga kura kwa sababu wapiga kura wako busy kubishana kuhusu group O. La pili ni nani anapimwa. Mpaka leo tafiti kubwa za jenomu zimejaa watu wa asili ya Ulaya, Waafrika ni sehemu ndogo mno, wakati sisi ndo wenye jeni za aina nyingi kuliko bara lolote na ndo tulioubeba ugonjwa huu. Mwaka 2023 walipowachukua watu 3,879 wa asili ya Afrika wenye VVU peke yao, wakapata kitu ambacho miaka yote hakikuwahi kuonekana, toleo la jeni karibu na CHD1L kwenye kromosomu ya 1 linalopunguza wingi wa virusi, lipo kwa asilimia 4 hadi 13 ya watu wa asili hiyo. Watu hao wanatembea nayo mitaani Dar, Mombasa, Kampala. Hakuna aliyeiona kwa sababu hakuna aliyetazama.

Wanawake wa Majengo walitazamwa mapema kwa sababu Mama Ngugi alikaa nao chini na wao wakakubali kutoa damu, mwaka baada ya mwaka, karibu miaka 40 sasa, na walichotoa kimefundisha dunia jinsi kinga inavyopigana na kirusi hiki. Kenya imo kwenye orodha ya nchi za mwanzo kupokea lenacapavir. Foleni ya sindano hiyo inapopangwa Nairobi, nataka nisikie wao na binti zao wako mbele.